Bob Moog: Fundi wa Sauti Aliyepoteza Jina Lake

Kwetu Ngara, kuanzia Bukiriro mpaka Rulenge na kule Kabanga mpakani, kwaya isiyo na kinanda siku hizi inahesabika kama haijakamilika. Waumini watachangishana mwaka mzima, watauza mihogo na kahawa, mpaka kinanda kinunuliwe. Kikishafika, kijana mmoja anakaa nyuma yake, anabonyeza kitufe, na hapo hapo inatoka sauti ya violini ishirini wakati kanisani hakuna hata violini moja. Anabonyeza kingine, inatoka besi ya gitaa. Watu wanacheza, wanafurahi, wanarudi nyumbani. Sijawahi kusikia mtu akiuliza ile sauti imetoka wapi.

Na sisi hapa chuoni hatuna tofauti. Bongo Fleva tunayosikiliza hosteli, singeli inayotingisha spika za mtaani, taarab ya kisasa kutoka Zanzibar, zote zina sauti ambazo hazikupigwa kwenye uzi wala kupulizwa kwenye tarumbeta. Zimetengenezwa kwa umeme. Chombo kinachofanya kazi hiyo kinaitwa sinthesaiza, na ukifuatilia ukoo wake utakutana na watu wengi, ila yupo mmoja ambaye huwezi kumruka: Robert Moog wa Marekani. Jina lake lisome kama "Mogu", sio "Muug". Mwenyewe alipenda litamkwe hivyo, na suala la jina lake tutalirudia kwa sababu lilikuja kumtesa.

Mtoto wa fundi na mama aliyetaka mpiga piano

Alizaliwa tarehe 23 Mei 1934 katika jiji la New York, akakulia mtaa wa Flushing, eneo la Queens. Baba yake, George, alikuwa mhandisi katika kampuni ya umeme ya jiji. Mama yake alikuwa na ndoto nyingine: mwanawe awe mpiga piano mkubwa. Kwa hiyo Bob alikulia katikati ya vitu viwili. Saa hizi anafanya mazoezi ya piano kwa amri ya mama, saa zile yuko na baba chumba cha chini cha nyumba, wanachomelea waya na kutengeneza redio.

Nadhani wengi wetu tunaijua hali hiyo. Mzazi anataka udaktari, mtoto anataka kompyuta. Kwa Bob, bahati ni kwamba hakulazimika kuchagua kimoja na kutupa kingine. Akiwa na miaka 14 aliona kwenye gazeti maelekezo ya kutengeneza theremini, akaijenga mwenyewe.

Theremini ni chombo cha ajabu kidogo. Kilibuniwa na Mrusi, Leon Theremin, miaka ya 1920. Kina antena mbili, na mpigaji hakigusi kabisa. Anasogeza mkono mmoja hewani karibu na antena ya kwanza, sauti inapanda au inashuka. Mkono wa pili kwenye antena nyingine unaongeza au kupunguza ukubwa wa sauti. Ukimwona mtu anapiga theremini unaweza kudhani anafukuza nzi. Lakini kwa kijana aliyechoshwa na mazoezi ya piano, hapo ndipo muziki na umeme vilipokutana kwa mara ya kwanza.

Alisoma Bronx High School of Science, shule ya sekondari ya serikali inayosifika kwa sayansi. Mwaka 1954, akiwa bado mwanafunzi wa chuo, aliandika makala kwenye jarida la ufundi kuhusu namna ya kutengeneza theremini, kisha yeye na baba yake wakaanza kuziuza. Wakaipa biashara jina la R. A. Moog. Kwa kifupi, jamaa alikuwa na kampuni akiwa na umri ambao sisi wengi bado tunasubiri bumu liingie.

Miaka minane ya PhD

Kitaaluma alipita njia ndefu. Alichukua fizikia katika Queens College, akasoma uhandisi wa umeme Columbia, halafu mwaka 1957 akaenda Chuo Kikuu cha Cornell kusoma PhD ya fizikia ya uhandisi. Akaimaliza mwaka 1965. Hesabu mwenyewe: miaka minane. Hakuwa mzembe, ila theremini zilikuwa zinamla muda. Mwaka 1961 alitoa makala nyingine, safari hii theremini iliyotumia transista badala ya zile balbu kubwa za redio za zamani. Mteja alinunua vipande vyake kwenye boksi kwa karibu dola 50, akaenda kujiungia mwenyewe nyumbani. Aliuza kama boksi 1,000. Meza ya kazi ikawa na pesa kuliko meza ya kusomea.

Kuna wahadhiri watakaosema huo ni mfano mbaya kwa mwanafunzi. Mimi naona ni mfano wa kujadiliwa, hasa kwetu tunaosomea ualimu. Kile alichokuwa anakifanya pembeni hakikuwa mbali na masomo yake. Kila theremini aliyoiuza ilikuwa ni fizikia ya mawimbi inayofanya kazi, na mteja akilalamika sauti inayumba, ilikuwa lazima ajue kwa nini.

Mwalimu wa muziki aliyekuja na swali

Mwishoni mwa mwaka 1963 Moog alikwenda kuonyesha theremini zake kwenye mkutano wa walimu wa muziki wa shule za jimbo la New York, uliofanyika Rochester. Pale akakutana na Herbert Deutsch, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Hofstra. Deutsch tayari alikuwa na theremini ya Moog na aliitumia darasani kuwafundisha wanafunzi kusikia sauti vizuri. Akamweleza shida yake: watunzi wa muziki wa kielektroniki walikuwa wanahangaika mno.

Ili uelewe shida yenyewe, fikiria hali ya wakati ule. Mtunzi alirekodi milio kwenye utepe, akaukata kwa wembe, akaunganisha vipande kwa gundi, kipande kwa kipande. Dakika chache za muziki zilikula wiki nyingi. Kulikuwa na mashine kubwa ya RCA pale Columbia, lakini ilijaza chumba na iliendeshwa kwa karatasi zilizotobolewa matundu. Kitu cha kukaa nacho ukapiga, ukasikia, ukabadilisha hapo hapo, hakikuwepo.

Majira ya joto ya mwaka 1964 Deutsch akaenda Trumansburg, mji mdogo karibu na Cornell ambako Moog alikuwa na karakana. Wakafanya kazi pamoja. Mmoja anauliza kama mwanamuziki, mwingine anajibu kwa kuchomelea saketi. Deutsch ndiye aliyependekeza kiwekwe kibao cha vitufe kama cha piano. Wakati huo huo, kule California, fundi mwingine aitwaye Don Buchla alikuwa anajenga mashine yake na hakutaka kabisa vitufe vya piano, aliona vitamfunga mtunzi kwenye muziki wa zamani. Wote wawili walikuwa na hoja. Ila vitufe vya piano ndivyo vilivyofanya watu wa kawaida waone kuwa hiki ni chombo cha muziki na si kifaa cha maabara. Oktoba 1964 Moog akaonyesha kazi hiyo kwa wahandisi wa sauti jijini New York, na oda zikaanza.

Inafanyaje kazi?

Naomba uvumilivu wa aya tatu tu, hata kama wewe ni wa sheria au uhasibu.

Sehemu ya kwanza ni osileta, yaani kile kinachozalisha mlio. Mlio ni mtikisiko. Ukitikisika mara 220 kwa sekunde unapata noti fulani; ukitikisika mara 440 unapata noti ile ile oktavu moja juu; mara 880, oktavu nyingine. Moog aliamua kwamba volti moja ikiongezeka, mtikisiko ujizidishe mara mbili. Volti moja, oktavu moja. Inaonekana kitu kidogo, lakini ndiyo iliyofanya kila sehemu ya mashine iweze kuiamuru nyingine kwa lugha moja: volti. Kitufe kinatoa volti, osileta inatii.

Sehemu ya pili ni filta, na hapa ndipo palipo na utamu wenyewe. Sema "u" kwa sauti ndefu, kisha bila kubadilisha noti geuza mdomo mpaka ufike "i". Koo halijabadilisha kitu, ni mdomo tu umeachia milio mingine ipite. Filta inafanya kazi hiyo, kama chujio la chai linaloamua kipi kipite na kipi kibaki. Filta ya Moog ilikuwa na saketi iliyopangwa kama ngazi, ikatoa sauti nzito na laini ambayo wenzake walihangaika kuiiga. Aliipatia hataza mwaka 1969. Vitu vingine vingi alivyobuni hakuvikatia hataza.

Sehemu ya tatu ni ile inayoamua noti inavyozaliwa na kufa. Ngoma inalipuka na kuisha. Filimbi inaingia taratibu, inakaa, inatoka. Moog alipata ushauri juu ya hili kwa mtunzi Vladimir Ussachevsky wa Columbia, na ule mpango wa hatua nne za noti bado upo kwenye karibu kila sinthesaiza na programu ya muziki leo.

Albamu iliyobadilisha upepo

Mashine za kwanza ziligharimu dola elfu kadhaa, zikawa za vyuo na studio. Zilikuwa makabati yenye vishimo, na mpigaji aliunganisha sehemu moja na nyingine kwa waya. Ukiziona unadhani ni ofisi ya simu ya zamani. Watu waliona ni za kutengenezea milio ya sinema za anga.

Mwaka 1968 Wendy Carlos, mtunzi aliyekuwa akishauriana sana na Moog kuhusu maboresho ya mashine, akatoa albamu ya Switched-On Bach. Alichukua muziki wa Bach, mtunzi wa Kijerumani wa miaka ya 1700, akaupiga wote kwa Moog. Tatizo ni kwamba Moog ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Hakuna kodi, hakuna vidole kumi. Kwa hiyo kila mstari wa muziki ulirekodiwa peke yake, ukawekwa juu ya mwingine kwenye utepe, mpaka ukakamilika. Albamu ikashinda tuzo tatu za Grammy na hatimaye ikapita mauzo ya nakala milioni 1. Ghafla kila studio ilitaka Moog. The Beatles wakaiweka kwenye Abbey Road mwaka 1969.

Ikaja na hofu. Mwaka huo huo chama cha wanamuziki cha Marekani kilipiga vita matumizi ya mashine hii kwenye matangazo ya biashara, kikidhani mtu mmoja na kabati lake atawanyima kazi wapiga violini na tarumbeta. Hoja hiyo tunaijua hata huku. Mzee yeyote aliyefuata bendi za dansi atakwambia kinanda kiliwafukuza wapulizaji. Hofu yao haikuwa ya kijinga, maana zipo bendi zilizobaki na kinanda pale palipokuwa na watu watano. Lakini muziki wenyewe haukufa.

Agosti 28, 1969, sinthesaiza ilitoka studio ikasimama mbele ya watu, kwenye bustani ya jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa jijini New York. Vikundi viwili, kimoja cha Deutsch, vilipiga jazi kwa mashine za Moog. Kuelekea mwisho umeme ukakatika, na muziki wote ukazima mara moja. Sisi tuliozoea umeme kukatika katikati ya disko la kufungua mwaka tunawaelewa vizuri. Mwaka uliofuata Mwingereza Keith Emerson akaanza kuzunguka na kabati lake zima jukwaani, ingawa joto la taa liliyumbisha noti na ikabidi aiweke sawa kila mara.

Minimoog

Mwaka 1970, Bill Hemsath na wahandisi wengine wa Moog walibana yale makabati yote kuwa chombo kimoja cha kubebeka, kisicho na waya za kuchomeka. Wakakiita Minimoog. Bado kilitoa noti moja tu kwa wakati, lakini ungeweza kukiweka kwenye buti la gari na kwenda kupiga. Mpaka uzalishaji unasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliuzwa kama 12,000.

Ukitaka kuisikia, tafuta Sun Ra, Mmarekani mweusi wa jazi, aliyepewa moja ya zile za majaribio hata kabla haijaingia sokoni. Tafuta besi ya Bernie Worrell kwenye Flash Light ya Parliament. Tafuta Autobahn ya Kraftwerk ya mwaka 1974. Sikiliza kwa hedifoni, si kwa spika ya simu, kwa sababu spika ya simu inakata besi yote na besi ndiyo habari yenyewe. Na usikilize noti moja inavyofunguka na kujifunga kama mdomo. Hapo utasikia mkono wa mtu kwenye kile kitufe cha filta, na utaacha kusema kwamba muziki wa mashine hauna mpigaji.

Jina linauzwa

Sasa fika kwenye sehemu chungu. Wakati Minimoog inatoka, kampuni ilikuwa kwenye madeni. Moog alikuwa fundi mzuri na mfanyabiashara wa wasiwasi. Mara nyingi alipanga bei kwa kukisia, na washindani walikuwa wamefika. Mwaka 1971 alilazimika kuuza kwa Bill Waytena, na kampuni ikahamia eneo la Buffalo. Mwaka 1973 ikauzwa tena kwa kampuni kubwa ya Norlin. Yeye akabaki mwajiriwa ndani ya kampuni yenye jina lake, akisikilizwa kidogo kidogo. Mwaka 1977 akaondoka.

Jina likabaki kule. Yaani mtu anaitwa Moog, babu yake Moog, lakini hawezi kuandika Moog kwenye chombo alichokijenga kwa mikono yake. Mwaka 1978 akahamia milima ya North Carolina, akafungua karakana mpya akaiita Big Briar. Akarudi kwenye theremini, akafanya kazi kwa Kurzweil, akafundisha chuo kikuu pale Asheville. Wakati huo dunia ilikuwa imehamia Japani. Mwaka 1983 Yamaha walitoa DX7, sinthesaiza ya kidijitali, na vinanda vya Yamaha, Roland na Korg vikasambaa mpaka Afrika. Vile vya kwaya zetu ni wajukuu wa wimbi hilo. Kampuni ya zamani yenye jina la Moog ikafa katika miaka hiyo ya 1980.

Halafu ladha ikageuka. Vijana wa miaka ya 1990 wakaanza kutafuta Minimoog za zamani kwa sababu vile vya kidijitali viliwachosha. Mwaka 2001 alipewa tuzo ya muziki ya Polar kule Sweden. Baada ya mvutano wa kisheria, mwaka 2002 akarudishiwa haki ya kutumia jina lake Marekani, na mwaka huo huo akatoa Minimoog Voyager. Alikuwa na miaka 68. Alilifurahia jina lake kwa miaka mitatu tu. Alifariki Asheville tarehe 21 Agosti 2005 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 71.

Sisi tunachukua nini?

Wanaosomea biashara wachukue somo la mikataba: ukiipa kampuni jina lako, soma vizuri siku ya kuiuza. Vijana wengi wanaotengeneza biti kwenye laptopu hapa chuoni wanagawa kazi zao bila karatasi yoyote, na wakishapata jina ndipo watakapoanza kutafuta wakili.

Wanaosema muziki wa vifaa vya umeme si wa Kiafrika nawaombea wasikilize Francis Bebey wa Cameroon, mwandishi na mwanamuziki aliyefariki mwaka 2001, aliyechanganya filimbi za msituni na sanza na vinanda vya umeme bila kuona aibu upande wowote. Kwetu upande wa Burundi na Buhaya kuna inanga, zeze la kulala la mbao. Nalo lilibuniwa na fundi fulani aliyejaribu kitu, ila jina lake halikuandikwa popote.

Kwetu wa elimu, kitu kikubwa kwangu kimo kwenye ule mkutano wa Rochester. Chombo hiki hakikutoka kwenye kichwa cha mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu. Kilitoka kwa fundi aliyekubali kuulizwa na mwalimu. Baada ya kifo chake familia ilianzisha taasisi yenye jina lake, na kazi yake mojawapo ni kuwafundisha watoto wa shule ya msingi kule Asheville sayansi ya sauti kwa kuigusa na kuisikia.

Hilo linawezekana hata kwetu. Mada ya mawimbi ipo kwenye silabasi ya fizikia ya sekondari, na wengi wetu tuliikariri: urefu wa wimbi, masafa, kasi, basi. Siku hizi kuna programu za bure za sinthesaiza zinazokaa kwenye simu ya kawaida. Mwalimu akiwa na simu moja na spika ndogo, anaweza kuwasikilizisha wanafunzi 220, kisha 440, kisha 880, na darasa zima likaelewa oktavu kabla ya kengele. Tunakwenda mazoezi ya kufundisha hivi karibuni. Mimi nimeshaiweka programu hiyo kwenye simu yangu, na anayetaka aje tugawane kwa Bluetooth.